Jiji letu linakunywa palepale linapomwaga: tupime nini ili kujua kama litadumu?

Katibu_Mlimani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa mmojawapo wa milimani hapa Mwanza, mtaa wa aina ile ambayo kila mkazi wa jiji hili anaifahamu: nyumba zimepachikwa kati ya miamba, ngazi za mawe ndizo barabara zetu, na gari huishia chini kabisa kwenye lami. Nimepangiwa kuzungumza katika mkutano mkuu wa mtaa kuhusu maana ya jiji endelevu, na kadiri ninavyojiandaa ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sijui nianzie wapi.

Maelezo ya jumla nimeyasoma. Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, ambalo mataifa yalilipitisha mwaka 2015, linataja makazi bora, usafiri, hewa safi, taka na maeneo ya wazi, na sina ubishi nalo. Ninapokwama ni kwenye kipimo. Kwetu tunapimwa kwa ufagio. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote, tunazibua mitaro, tunakusanya chupa, viongozi wanapita na kutusifu. Kisha jioni mvua inanyesha, nasikia harufu, naona maji meusi yakishuka kwenye ngazi tulizofagia asubuhi, na ninajua kwamba huko juu kuna jirani aliyefungulia choo. Maji hayo yanaingia mtaroni, mtaro unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Kesho yake tunafungua bomba na kuchota maji yaliyotoka katika ziwa hilohilo.

Sasa naomba nisaidiwe. Kama ungeruhusiwa kupima jambo moja tu ili kujua kama Mwanza itaweza kuendelea kuishi na ziwa hili kwa vizazi vijavyo, ungepima nini, na kwa nini hilo na si jingine? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa watu wanaoishi mwambao huu.

Fundi_Majisafi amejibu:

Binti yangu, nimefanya kazi ya mabomba na mitambo ya maji kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, kwa hiyo jibu langu litakuwa la mtu wa maji. Ningepima jambo hili: kati ya kinyesi chote kinachotoka katika vyoo vya jiji kwa siku moja, ni sehemu gani inayofika mahali pa kusafishiwa kabla ya kufika ziwani.

Wengi hudhani kwamba ziwa ni kubwa mno kuweza kuathiriwa na choo cha mtu wa Igogo. Ukubwa huo unadanganya. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kirefu kabisa ni mita 80 hivi, ilhali Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Letu ni sinia, si mtungi. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba, kiasi kwamba kule Kigongo daraja la urefu wa kilomita 3 limeweza kuivuka hadi Busisi, na maji yake hayachanganyiki kwa haraka na yale ya katikati ya ziwa. Tunachomwaga ghubani hukaa nasi muda mrefu.

Sasa tazama choo cha mlimani. Katika udongo wa kawaida shimo huchimbwa hadi kina cha kutosha, maji hunywea taratibu, na udongo huchuja sehemu ya uchafu. Juu ya miamba yetu mchimbaji hufika mita moja au mbili akagonga jiwe. Maji hayana pa kunywea, shimo linajaa mapema, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda ngazi. Mwenye nyumba hubaki akingoja mvua kubwa ili akitapishe choo chake usiku. Nimeingia katika nyumba hizo kikazi mara nyingi, nami siwezi kumlaumu mama mwenye wapangaji sita na shimo moja lililojaa. Faini unayoweza kumtoza haimpatii mahali pengine pa kupeleka kinyesi.

Kuna njia, na imekwisha kuanza hapahapa. Katika baadhi ya milima ya jiji, Igogo ikiwa miongoni mwake, yamelazwa mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na juu ya mawe, bila kuhitaji barabara wala mtaro wa kina kirefu. Mwinuko unaolizuia gari ndio unaolisaidia bomba, kwa kuwa majitaka hushuka yenyewe. Sharti lake ni kwamba choo kiwe cha kumwaga maji, na kwamba watu wasitupe matambara, taulo za kike wala mchanga wa kusugulia sufuria, maana bomba jembamba huziba kwa mambo madogo sana.

Mwisho wa safari ni mabwawa kama yale ya Ilemela, ambayo watu hupita kando yake wakiziba pua bila kujua kazi yanayofanya. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, tope hutuama na vijidudu visivyohitaji hewa hulimeng'enya. Katika yanayofuata, ambayo ni ya kina kifupi, mwani hutoa oksijeni mchana kutwa na vijidudu vingine huitumia kula uchafu uliobaki, huku jua kali likiua vimelea vya magonjwa. Hakuna mashine ya kuharibika wala umeme wa kukatika. Kinachohitajika ni nafasi, muda, na mtu wa kuondoa tope kila baada ya miaka kadhaa, na hilo la tope ndilo husahaulika.

Naomba tuwatazame jirani zetu wa Kampala, kwa sababu wao walitutangulia katika kosa hili. Maji machafu ya katikati ya jiji lao hufuata mfereji wa Nakivubo na kupita katika bwawa la mafunjo kabla ya kuingia Ghuba ya Murchison, na kilomita chache kutoka hapo, kule Ggaba, ndipo jiji linapovuta maji ya kunywa. Kwa miaka mingi mafunjo yale yalifanya kazi ya mtambo bila kulipwa. Baadaye yakalimwa, yakajengewa, maji ya ghuba yakachafuka, gharama ya dawa za kuyasafisha ikapanda, na hatimaye ikawabidi kujenga chanzo kingine kikubwa Katosi, mbali upande wa mashariki, na kuyasukuma maji kutoka huko. Sisi tumevuta maji Capripoint kwa miaka mingi, na sasa tumeongeza mtambo wa Butimba wenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Yote miwili inakunywa katika ghuba hii. Tukiiharibu, Katosi yetu itakuwa wapi, na itasukuma maji kwa bei gani?

Mama_Mwaloni amejibu:

Mzee wangu Fundi, shikamoo. Umesema kweli tupu, lakini naomba niongeze jambo, kwa sababu kila mara tunapozungumza juu ya ziwa mazungumzo huishia kwenye choo cha maskini.

Mimi ninanunua na kuuza dagaa hapa Kirumba, na kabla ya hapo nilikuwa nikikaanga mapanki, yaani mabaki ya sangara wa viwandani, pamoja na mama yangu. Nilipokuwa msichana, kuna eneo la ufukwe ambalo sitalitaja lililokuwa na mafunjo marefu kuliko mtu, na maji yaliyotoka mitaani yaliingia humo yakiwa mekundu kwa tope na kutokea upande wa ziwa yakiwa mepesi. Sato walizaliana humo. Leo pana ukuta, kifusi na jengo la mtu mwenye uwezo. Hakuna mkazi wa mlimani aliyeyakata mafunjo yale. Yalifukiwa mchana kweupe, malori yakipita, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda ofisi moja kuuliza, tukaambiwa turudi wiki ijayo, na wiki ile haikufika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Kwa hiyo kipimo changu mimi ni chepesi kuliko cha mzee: chukueni kamba ya mita 60, tembeeni kutoka Igombe hadi Luchelele, mhesabu ni wapi kamba hiyo inalala juu ya majani na ni wapi inagonga ukuta. Hesabu hiyo haihitaji maabara.

Na ni vema kamati ijue kwamba mafunjo nayo yana mahitaji yake. Hufyonza mbolea iliyomo katika maji machafu na kuihifadhi katika majani, lakini yasipovunwa huoza na kuirudisha mbolea ileile majini. Wanawake waliokuwa wakikata mafunjo kwa ajili ya mikeka walikuwa wakilisafisha ziwa bila ya mtu yeyote kuwahesabia kazi hiyo.

Jambo la pili ni maji kupanda. Mwaka 2020 na tena mwaka 2024 ziwa lilijaa kupita kiasi tulichozoea, na mialo mingi ikamezwa. Ilimeza pia vyoo vilivyojengwa karibu na maji. Mtu akiniuliza kwa nini mita 60, humjibu kwamba ziwa linapumua: kuna miaka huvuta pumzi ndani na kuna miaka huitoa, na nafasi ile ni yake.

Mipango_Buhongwa amejibu:

Dada Katibu, na wakubwa walionitangulia, nawaheshimu sana, ila naona mnapima mwisho wa mto. Mimi nimesomea mipango miji, na ningepima ardhi: kati ya nyumba mpya zinazojengwa mwaka huu, ni ngapi zipo katika viwanja vilivyopimwa kabla ya watu kuhamia.

Watu hawakupanda kwenye miamba kwa kupenda mandhari. Walipanda kwa sababu ndipo pekee palipobaki karibu na kazi, karibu na soko, mahali ambapo mtu anaweza kutembea hadi mjini bila nauli. Hiyo, kwa kweli, ni sifa ya kimazingira ambayo haizungumzwi. Anayeishi Mabatini na kwenda sokoni kwa miguu hatumii mafuta. Jiji letu limenyooka kama vidole vitatu kutoka ziwani, kimoja kikielekea Nyegezi, Buhongwa na Usagara, kingine Igoma na Kisesa, na cha tatu Pasiansi hadi uwanja wa ndege, na karibu kila daladala lazima lirudi kwenye kiganja. Kila tunapomhamisha mkazi wa mlimani na kumpeleka kilomita 15 nje, tunaokoa mwamba mmoja na kuongeza safari mbili za kila siku, pamoja na mtaro, bomba na nguzo za umeme za kilomita hizo zote. Wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja sasa. Tukiendelea kutanuka kwa nyumba za chini zenye ua mkubwa, tutalifikia shamba la mwisho la Magu kabla ya kulifikisha bomba la majitaka Buhongwa.

Kwa hiyo mimi nawatetea watu wa mlimani wabaki, kwa sharti la vyoo alivyoeleza mzee Fundi, na la kuacha kuponda kokoto kwenye mteremko na kukata miti michache inayoshikilia mawe. Kuhusu taka za huko juu, tujifunze kwa Curitiba, jiji la Brazili. Walikuwa na vitongoji vya mabondeni na milimani ambamo gari la taka halikuweza kuingia. Chini ya meya Jaime Lerner, kuanzia mwaka 1989, jiji lilikubali kwamba gari halitaingia, likawaambia wakazi walete taka zao hadi barabarani, na kila mfuko ukalipwa kwa tiketi ya basi, baadaye kwa mboga na vyakula vilivyonunuliwa kutoka kwa wakulima wa jirani. Fedha ambazo zingetumika kulipia ukusanyaji zilimfikia mkazi mwenyewe. Sisi tunamtoza mama wa mlimani ada ya taka ya mwezi, kisha tunamtaka ashuke nayo kichwani hadi kwenye kizimba. Huyo mama anafanya nusu ya kazi ya gari na kulipia kazi yote.

Tusisahau kwamba katika taka zetu sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, viazi na mihogo, majani na mabaki ya chakula. Hizo zikizikwa dampo pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Zikigeuzwa mboji zinarudi kwenye bustani za mchicha za Nyegezi.

Mwalimu_Butimba amejibu:

Nitasema kidogo tu, kwa sababu wengine wamekwisha kusema ya msingi. Ningepima jinsi maji yanavyopitisha mwanga. Chukua sahani nyeupe, ifunge kamba yenye alama, uishushe majini kutoka kwenye mtumbwi, na uandike ni kina gani inapoacha kuonekana. Wanasayansi duniani kote hutumia njia hiyohiyo, na wanafunzi wangu wanaiweza.

Sababu yangu inatokana na furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za furu, na majike yao humtambua dume wa aina yao kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi katika maji ya kusini mwa ziwa, pamoja na ghuba yetu hii, walieleza mwaka 1997 kwamba pale ambapo maji yamechafuka kwa mwani na tope, mwanga hautoshi kuonesha rangi, majike hushindwa kuchagua, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika hadi kupotea. Tumezoea kumlaumu sangara, ambaye ni kweli aliletwa katika miaka ya 1950 na alikula furu wengi mno. Lakini aina nyingine ziliangamia kwa giza tulilolisababisha sisi, kwa mbolea ya mashamba, udongo wa milima iliyovuliwa miti, moshi wa moto unaoanguka na mvua, na majitaka. Sahani yangu hupima vyote hivyo kwa pamoja, ingawa haisemi ni kipi kimezidi.

Katibu_Mlimani ameandika tena:

Wabeja sana, yaani asanteni sana, wote. Nimeyachapisha majibu haya na kumsomea mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye alisikiliza kimya hadi sehemu ya kutapisha vyoo, kisha akasema, "Hata kwangu."

Nakubaliana na Mama_Mwaloni kwamba mzigo haupaswi kuwa wa mlimani peke yake, na kamba yake ya mita 60 nitaipendekeza kwa kamati za mitaa ya ufukweni. Kwa mtaa wetu nitachukua kipimo cha mzee Fundi, kwa kuwa ndicho kilicho ndani ya uwezo wetu. Mipango_Buhongwa, hoja yako ya viwanja naiona kuwa ya kweli, lakini nikiipeleka kwenye mkutano watu watasikia neno "kuhamishwa" na hawatasikia jingine, hivyo nitaieleza kwa namna uliyoimalizia, kwamba kuishi karibu na mji ni jambo jema linalostahili kuwekewa bomba.

Mzee Fundi, shikamoo. Naomba unieleze jambo moja la vitendo. Nina wajumbe saba, madaftari, na Jumamosi mbili. Hatuna vifaa. Tunahesabuje kile ulichosema?

Fundi_Majisafi amejibu:

Marahaba, binti yangu. Hesabuni vyoo, si watu. Ingieni kila nyumba, mkiwa wawili wawili na angalau mmoja awe mwanamke, na semeni mapema kwamba hamkuja kutoza faini wala kuandika majina, maana mkiandika jina hamtapata ukweli. Ulizeni maswali manne tu: choo kina umri gani, kina kina gani, kimewahi kunyonywa na gari, na wapangaji wanaokitumia ni wangapi.

Choo cha miaka 10 chenye kina cha mita moja na nusu, kinachotumiwa na watu 14 na ambacho hakijanyonywa hata mara moja, kinapaswa kuwa kimejaa zamani. Kama hakijajaa, mnajua kilichomo kimekwenda wapi, na hamkulazimika kumuuliza mwenye nyumba swali la aibu. Wekeni alama nyekundu kwenye mchoro wa mtaa kwa kila choo cha namna hiyo, na ya kijani kwa kila kilichounganishwa na bomba au kinachofikiwa na gari.

Kisha pandeni hadi jiwe la juu kabisa na mshuke mkifuata mahali maji ya mvua yanapopita, mkichora mstari. Mtaona alama nyekundu zimejipanga kando ya mistari michache, pengine mitatu au minne. Mistari hiyo ndiyo njia ambayo bomba lingepita. Peleka mchoro huo kwa mamlaka ya maji pamoja na idadi ya nyumba zilizo tayari kujenga vyoo vya kumwaga maji, kwa sababu mhandisi anayepokea ombi lenye njia na idadi hulifungua kabla ya lile lenye malalamiko. Nikiwa na afya siku hiyo nitapanda nanyi. Niambie tu ni Jumamosi ipi, na mje na chaki, maana kalamu haiandiki vizuri juu ya miamba yetu.